Toyota wameacha kutengeneza Vitz: je, bado ninunue?

"Fundi, salamu kutoka Busia. Ninauza mitumba upande wa Uganda, na mara mbili kwa wiki napanda basi kwenda soko la Owino, Kampala, kuchukua mzigo. Nimechoka na mabasi, nataka Vitz. Nimeonyeshwa tatu. Ya kwanza ni ya 2002, ya mwalimu mmoja wa Tororo, cc 1,000, logibuku anayo. Ya pili iko bondi (yadi ya magari ambayo ushuru wake haujalipwa) Kampala, ya 2012, nayo ni cc 1,000, otomatiki. Ya tatu iko ng'ambo ya mpaka na namba za Kenya, ya 2008, na bei yake iko chini kuliko zote. Mume wangu ananikataza. Anasema Toyota waliacha kutengeneza Vitz mwaka 2020, kwa hiyo spea zitakwisha na siku ya kuiuza sitapata mtu. Fundi wa hapa naye anasema injini ya ile ya 2012 ina mitungi (silinda) mitatu, na mitungi mitatu ni ubovu wa kiwandani. Mimi kila safari nabeba marobota manne pamoja na msichana wa kunisaidia. Nichukue ipi?"

Dada yangu, umeuliza maswali matatu, na la nne umelidondosha mwishoni kama jambo dogo. Hilo la marobota ndilo lililonifanya nikae kitako nikuandikie kwa urefu. Nitalifikia. Kwanza tumalizane na ya mumeo na ya fundi wenu.

Ya mumeo ni kweli nusu. Jina Vitz liliondolewa Japani Februari 2020, lakini lililoondoka ni jina tu. Gari hili lilizinduliwa Januari 1999 kuchukua nafasi ya Starlet, ambayo wazee wa hapa bado wanaikumbuka kwa ugumu wake. Umbo lake lilichorwa na Mgiriki mmoja, Sotiris Kovos, katika studio ya Toyota ya Ulaya, na tangu siku ya kwanza lilikusudiwa kuuzwa kwingi kwa majina tofauti: Vitz kwa Wajapani, Yaris kwa Wazungu wa Ulaya, Echo kule Kanada na Australia. Lilichaguliwa gari la mwaka Japani kwa msimu wa 1999 na 2000, kisha likawa gari la mwaka la Ulaya 2000. Mwaka 2001 Wafaransa wakaanza kuliunda katika kiwanda cha Valenciennes. Toleo la pili lilitoka mapema 2005, la tatu mwishoni mwa 2010. Mwaka 2020 Toyota wakalifanya jina kuwa moja dunia nzima, na Wajapani nao wakaanza kuliita Yaris. Mwaka 2021 peke yake Yaris ziliuzwa Japani zaidi ya 200,000, ikihesabiwa humo na ndugu yake mrefu, Yaris Cross. Na mwaka 2023 Toyota walitangaza kwamba ukijumlisha majina yote tangu 1999, mauzo yamefika milioni 10.

Sasa jiulize kama mfanyabiashara: kitu kilichouzwa mara milioni 10, nani ataacha kukitengenezea spea? Watengenezaji wa bushi, pedi za breki, shokomzoba na pampu za maji hawatazami kama jina bado liko dukani. Wanahesabu magari yaliyoko barabarani. Tena Vitz haiko peke yake. Injini zake na vipande vingi vya chini viko pia kwenye Platz, Belta, Ist, Ractis, Probox na Succeed. Nenda Kisekka, soko la spea pale Kampala, uulize plagi au koili ya Vitz, utaona muuzaji hanyanyuki hata kwenye stuli. Anazo karibu na mkono. Spea zinazosumbua ni za bodi na vioo vya taa za toleo fulani, hasa zikiwa za mwaka usio wa kawaida. Injini na miguu havina shida.

Nikiwa hapo hapo, tahadhari moja ndogo. Afrika Kusini tangu 2023 wanauza gari jipya linaloitwa Vitz. Hilo ni Suzuki Celerio iliyobandikwa nembo ya Toyota. Ni gari la heshima, lakini halina undugu na hii unayoitafuta, na spea zake haziingiliani. Ukiagiza kitu kwa simu, usiseme "spea ya Vitz" ukakata. Soma kibati kilicho ndani ya boneti. Ile ya mwalimu itaandikwa SCP10, ile ya bondi itaandikwa KSP130. Hizo herufi na tarakimu ndizo jina halisi la gari lako, na muuza spea akizipata hatakosea.

Kuhusu kuuza baadaye, mumeo asiwe na wasiwasi. Vitz haziji kwetu kwa sababu Wajapani wamezichoka. Zinaletwa na hesabu. Gari jipya Japani hukaguliwa likifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo ni ghali. Likipita miaka 13 kodi yake ya mwaka hupanda. Kwa hiyo mwenye gari dogo la bei nafuu hufika mahali akaona kulikagua tena ni hasara, analipeleka mnadani likiwa bado linatembea vizuri. Upande wetu, sheria ya trafiki iliyorekebishwa 2018 inakataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Ukiziweka sheria hizo mbili pamoja utaona kwa nini bondi zetu zimejaa magari ya umri ule ule, na kwa nini gari lililokwisha ingia nchini na kutunzwa haliporomoki bei: kila mwaka umri fulani unafungiwa mlango, na yaliyomo ndani ndiyo yanayobaki kuuziana.

Hapo hapo ndipo ile ya Kenya inapofia. Gari la 2008 limeshapita miaka 15. Haliwezi kuingizwa Uganda kama gari la kuandikishwa, hata likiwa linang'aa namna gani. Najua Busia yetu. Najua magari yenye namba za Kenya yanayolala upande wa pili wa lango na kuzunguka mjini kwa kibali cha muda. Kibali cha muda hakikufanyi mwenye gari. Siku utakayosimamishwa Iganga na mzigo wako ndani, utapoteza gari na marobota pamoja. Bei yake iko chini kwa sababu muuzaji anajua jambo hili. Achana nalo, na kama kuna mtu anakuambia anaweza "kulipitisha", nenda mwenyewe ofisi ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, pale mpakani ukaulize kabla ya kumpa hata shilingi.

Tuje kwa mitungi mitatu. Fundi wenu ameona jambo la kweli akalipa sababu isiyo yake. Ile ya 2002 ina injini ya mitungi minne, 1SZ. Ile ya 2012 ina 1KR ya mitungi mitatu, iliyobuniwa na Daihatsu, na inatikisika gari likisimama na injini ikinguruma pole. Utauona usukani ukitetemeka kidogo kwenye taa za barabarani. Sababu ni hii: katika injini ya mitungi minne, mlipuko mmoja hutokea kila shafti inapozunguka nusu. Ya mitungi mitatu husubiri zaidi, theluthi mbili za mzunguko, kwa hiyo misukumo yake ni michache na inaachana. Juu ya hayo, pistoni tatu zilizojipanga mstari mmoja huifanya injini itake kuyumba, ncha moja juu nyingine chini. Mtikisiko huo hunyonywa na mipira inayoshikilia injini. Mipira ikiwa mipya unausikia kwa mbali. Ikichoka, dashibodi nzima inapiga kelele, na mteja anakimbilia kusema injini imekufa wakati kinachohitajika ni mpira mmoja wa upande wa giaboksi.

Injini hiyo hiyo ya 1KR ilipewa tuzo ya kimataifa ya injini bora chini ya lita moja kwa miaka minne mfululizo, 2007 hadi 2010. Majaji hao hawakuwa wakiendesha barabara ya Bugiri, hilo nakubali, lakini kitu kibovu tangu kiwandani hakipati heshima hiyo mara nne. Ninachokiona gereji kinachoziua injini hizi ni joto na oili. Maji ya rejeta yakipungua, mwenye gari akaendelea "nifike tu", kichwa cha injini kinapinda. Oili ikikaa miezi bila kubadilishwa, cheni ya taimingi inalegea na kuanza kugonga asubuhi unapowasha. Injini ya mitungi minne hufa kwa magonjwa hayo hayo.

Mimi ningehofia kitu ambacho fundi wenu hakukitaja: giaboksi. Ile ya mwalimu, kama ni otomatiki, karibu hakika ina gia nne za kawaida, kitu kikongwe na kigumu. Ile ya 2012 ina CVT. Ndani ya CVT hakuna gia moja, mbili, tatu. Kuna puli mbili zenye umbo la koni na mkanda wa chuma unaopita katikati yake. Puli moja ikijibana, mkanda unapanda juu; nyingine inajiachia, mkanda unashuka, na mwendo unabadilika bila kushtuka. Kinachouzuia mkanda ule kuteleza ni shinikizo la mafuta na aina ya mafuta yenyewe. Mafuta ya CVT yametengenezwa ili chuma kikishikana na chuma kisiteleze. Mafuta ya giaboksi ya kawaida hayakutengenezwa kwa kazi hiyo. Ukimwaga mafuta mekundu ya otomatiki humo, gari litatembea leo, litatembea wiki ijayo, na huku mkanda unachubua puli kidogo kidogo. Siku utakapoanza kuhisi gari linatetema kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, kama linapita juu ya matuta madogo madogo, uharibifu umeshakwisha kufanyika.

Kwa hiyo ukinunua hiyo ya 2012, jambo la kwanza kabla hata ya kuipeleka kuosha ni kubadilisha mafuta ya CVT. Kwa toleo hilo ni yale yaliyoandikwa CVT FE. Nunua mwenyewe, kopo likiwa limefungwa, na simama hapo fundi akimimina. Bei yake itakuuma kuliko oili ya injini. Giaboksi nyingine itakuuma zaidi.

Sasa marobota. Robota la mitumba la kawaida ni kilo 45. Manne ni kilo 180. Wewe na msichana wako, tuseme mna kilo 130 pamoja. Jumla 310. Wajapani wanapopima gari dogo la watu watano, humhesabia kila mtu kilo 55, basi uzito wote ambao Vitz imeandikishwa kubeba ni kilo 275, pamoja na dereva. Umezidisha kilo 35 kabla hujanunua hata ndizi za kuchoma njiani. Kwa safari moja ya dharura gari halitavunjika. Lakini wewe unasema mara mbili kwa wiki, Owino hadi Busia, karibu kilomita 200 kila upande, na kila mara unarudi umejaa.

Kitakachotokea ni hiki. Springi za nyuma zitakaa chini, pua itainuka, na taa zako usiku zitakuwa zinawamulika machoni madereva wa matrela wanaotoka Malaba. Tairi za nyuma zitapata joto kali. Breki zitahitaji umbali mrefu zaidi, na kwenye mitelemko ya Mabira, nyuma ya lori, umbali ndio uhai wako. CVT nayo itachemka kila unapopanda kilima. Tena injini ya cc 1,000 ina nguvu za farasi kama 70 ikiwa mpya, na hizo ni za usawa wa bahari. Hapa kwetu, mita 1,100 na zaidi juu, hewa ni nyepesi, unapoteza kama moja ya kumi. Kulipita trela ukiwa na kilo 310 ndani ni jambo ambalo ningependa usilijaribu. Na kama marobota yako kiti cha nyuma bila kufungwa, ukigonga kitu yatakuja mbele na kukukuta mgongoni.

Kwa hiyo jibu langu la kweli ni kwamba Vitz ni gari zuri ambalo huenda si la biashara yako. Kabla hujalipa, tembea bondi hizo hizo za Kampala ukaulizie Probox. Ilitoka 2002 juu ya msingi ule ule wa Vitz, ina injini za cc 1,300 na 1,500 ambazo kila fundi wa Busia amekwisha kuzifungua, na imeandikishwa kubeba mzigo wa kilo 400 ikiwa na watu wawili mbele. Springi zake za nyuma ni za kazi. Kuikalia ni kama kukaa kwenye benchi la kanisa, na hakuna atakayekusifia sura yake. Waulize majirani zetu Wakenya wanaokimbiza miraa kwa nini hawaiachi. (Wasikuambukize mwendo wao tu.) Petroli itakula zaidi kidogo: Vitz ya cc 1,000 kwa mwendo wa utulivu itakupa kama kilomita 15 kwa lita au zaidi, Probox itakupa pungufu ya hapo. Lakini mzigo wote utaingia kwa safari moja.

Kama moyo umekwisha kuamua Vitz, na najua huwa unaamua, basi punguza mzigo. Marobota matatu pamoja na msichana, au manne naye apande basi. Hapo uko ndani ya kipimo. Na kati ya hizo mbili zilizobaki ningechukua ya 2012 kwa safari ndefu, kwa sababu mpira, plastiki na nyaya za gari la 2002 vimekwisha kuzeeka hata kama mwalimu amelitunza kama yai. Ile ya Tororo ni gari la mjini: sokoni, shuleni, kanisani, na kurudi. Ikiwa bei yake ni nusu ya ile ya bondi na fedha zako zinaishia hapo, inunue, weka akiba ya bushi, rejeta na mipira ya injini, na usiitie Kampala kila wiki.

Bondi, uliza kwanza: bei hii ni pamoja na ushuru au bila? Wauzaji wengi hukutajia bei tamu ya gari lisilolipiwa. Juu yake kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, kodi ya zuio asilimia 6, na tozo la mazingira linaloyabana magari ya zamani. URA hutumia thamani yao wenyewe waliyoipanga kwa kila aina ya gari, si risiti ya muuzaji, kwa hiyo risiti ya bei ndogo haitakupunguzia kitu. Angalia pia mwaka wa kutengenezwa, maana karatasi za Japani huonyesha mwaka wa kuandikishwa, na sheria yetu inautazama ule wa kutengenezwa. Gari la bondi huwezi kulitoa ukalipandishe kilima kabla ya kulipiwa. Basi nenda asubuhi injini ikiwa baridi, waambie wasiiwashe kabla hujafika, na uende na fundi asiyepata kamisheni kwa muuzaji huyo, awe na skana, kile kifaa cha kusoma hitilafu za gari. Asome hitilafu za giaboksi pia, si za injini peke yake. Cheti cha ukaguzi kilichofanywa Japani kinaonyesha kilomita. Kilinganishe na zilizo kwenye dashibodi.

Kwa mwalimu, logibuku na kitambulisho chake vilingane, na kabla ya kulipa hakikisheni kwamba gari halijawekwa rehani benki. Kisha lihamishwe jina mara moja, nyote wawili mkiwapo.

La mwisho ni la mifuko ya hewa, na hili sikubaliani na mtu kulipuuza. Mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ilitumia kemikali ya amonia naitreti, ambayo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu hubadilika. Siku ya ajali mfuko unaweza kulipuka kwa nguvu mno na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Toyota waliyaita mamilioni ya magari yarudishwe kubadilishiwa, Vitz zikiwamo; mwezi Mei 2015 pekee waliita karibu milioni 5 duniani. Gari lililoitwa likaondoka Japani kabla ya kubadilishiwa limekuja na mfuko huo mbovu. Andika namba yote ya chasisi, herufi na tarakimu, uitafute kwenye tovuti ya Toyota Japani au umpelekee muuzaji rasmi wa Toyota Kampala akuangalizie. Halafu washa swichi bila kuwasha injini, utazame taa ya SRS, yaani ya mifuko ya hewa, kwenye dashibodi: inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameitoa balbu ili usione kwamba mfuko haupo. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Katika hali yoyote kati ya hizo, fundi wa barabarani asiufungue usukani, hata awe hodari kiasi gani. Mfuko ule unaweza kulipuka mikononi mwake. Lipeleke kwa muuzaji rasmi.